Kuligawa Bonde: Mjadala juu ya Ukokotoaji wa Takwimu Kubwa za Kilombero

MHANDISI WA MIFUMO: Takwimu zinazotoka katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania, zimekwisha kuilemea kompyuta moja, na kuendelea kuzikokotoa rekodi baada ya rekodi ni kuzichelewesha hata zisiwafae watu waliozitoa. Tangu mwaka 1996 wadodosaji wa mfumo wa Ifakara wa ufuatiliaji wa kaya wamekuwa wakizipitia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, kwa miaka mingi kila baada ya miezi 4, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Na juu ya rekodi hizo zimerundikana za zahanati, za mitego ya mbu, na picha za setilaiti. Dawa yake ni ukokotoaji sambamba, yaani kuigawa kazi moja katika vipande vinavyofanywa kwa wakati mmoja na vichakataji vingi. Mfano uliokwisha kuthibitika ni ule waliouchapisha Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa kampuni ya Google mwaka 2004 kwa jina la MapReduce, ambao humtaka mwandishi wa programu aandike hatua mbili tu: ya kwanza huichukua kila rekodi peke yake na kuipa ufunguo, kwa mfano jina la kijiji na mwezi, ya pili hupokea rekodi zote zenye ufunguo mmoja na kuzijumlisha. Kugawa kazi kwa mashine, kusafirisha rekodi na kurudia kipande kilichoharibika ni kazi ya mfumo wenyewe, hivyo mtafiti asiye fundi wa mitandao anaweza kuzitumia kompyuta 100 kama anavyoitumia moja.

MTAKWIMU: Neno "kubwa" limetumika kabla ya kitu chenyewe kupimwa. Rekodi milioni 10, kila moja ikiwa na herufi 200, ni herufi bilioni 2, nazo zinatoshea katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta ya mezani ya kawaida na nafasi ikabaki. Kampuni ya Google ilikuwa ikisoma kurasa za dunia nzima. Bonde lina kaya zake, na kaya zinahesabika. Mwaka 2015 Frank McSherry na wenzake wawili walizipima baadhi ya programu mashuhuri za kugawa kazi, zikiendeshwa kwa viini 128, dhidi ya programu moja iliyoandikwa vizuri na kuendeshwa kwa kiini kimoja, yaani sehemu moja tu ya kichakataji inayotekeleza amri kwa zamu. Katika baadhi ya kazi kiini hicho kimoja kilitangulia. Kugawa kazi kuna gharama yake, nayo hulipwa kabla faida haijaonekana, kwa hiyo anayetaka mashine nyingi ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kuwa ile moja imeshindwa.

MHANDISI WA MIFUMO: Kuhesabu vizazi na vifo ni kazi nyepesi, na hakuna anayebisha. Uzito uko katika kuunganisha rekodi, yaani kumtambua mtoto aliyeandikwa katika daftari la zahanati kuwa ndiye yule yule aliyeandikwa na mdodosaji nyumbani kwao, pale ambapo hakuna namba ya kitambulisho inayoyafunga madaftari hayo mawili. Orodha ya watu 100,000 ikilinganishwa na nyingine ya watu 100,000, jozi za kulinganishwa ni bilioni 10. Hapo ukubwa hautokani na rekodi zenyewe, unatokana na kuzidishwa kwake.

MTAKWIMU: Programu inayolinganisha jozi milioni 1 kwa sekunde, kasi ambayo kiini kimoja huimudu pale ulinganisho unapokuwa mwepesi, hulinganisha jozi bilioni 10 kwa saa 2 na dakika 47. Na hata hizo hazihitajiki. Orodha zikitengwa katika mafungu 500 ya watu 200 kila moja, na kila mtu akalinganishwa na wa fungu lake tu, jozi zinashuka hadi milioni 20, na kazi inakwisha kwa sekunde 20. Kubadili njia kumeokoa mara 500, ilhali mashine 100 zisingeweza kuokoa zaidi ya mara 100. Busara inataka mtu aitafakari njia kabla ya kununua mashine.

MSIMAMIZI WA TAKWIMU: Sekunde 20 hizo zimenunuliwa kwa bei ambayo haijatajwa. Fungu ni lazima liwe na kigezo, na kigezo kinachomjia kila mtu kwanza ni kijiji. Lakini anayelifahamu bonde anajua kwamba msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi huziacha nyumba zao kijijini na kuhamia mashamba ya mpunga yaliyo katika nyanda za mafuriko, ambako hukaa majuma mengi, wengine miezi, katika vibanda na madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, wakilima, wakipalilia, wakiwinga ndege hadi mavuno. Mtoto akipata homa huko, hapelekwi zahanati ya kijijini kwao. Hupelekwa iliyo karibu na shamba, na karani huandika jina la mahali alikotoka asubuhi ile. Ukiyatenga mafungu kwa kijiji, mtoto huyo hataonana kamwe na rekodi yake mwenyewe. Naye ndiye anayelala karibu na maji, mbali na zahanati, katika kibanda ambacho pengine hakina pa kutundikia chandarua. Njia iliyosifiwa kwa wepesi inawapoteza wale ambao malaria inawafikia kwanza, na inawapoteza kimyakimya, kwa sababu jozi isiyolinganishwa haitoi onyo lolote.

MTAKWIMU: Basi kigezo kiwe herufi ya kwanza ya jina pamoja na mwaka wa kuzaliwa.

MSIMAMIZI WA TAKWIMU: Herufi ya kwanza inamtenga Rehema na Lehema, ambao katika madaftari mengi ya bonde ni mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili wenye masikio tofauti, na mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima mara nyingi ni makisio, ukikisiwa upya kila aulizwapo.

MHANDISI WA MIFUMO: Hapa ndipo mfumo wa kugawa na kukusanya unapostahili kusikilizwa upya, maana hauzuii rekodi moja kupewa funguo nyingi. Rekodi ya Rehema inaweza kutumwa katika fungu la kijiji, katika fungu la sauti ya jina ambamo L na R huhesabiwa kuwa kitu kimoja, na katika fungu la jina la mama. Ikikosa mwenzake katika moja itampata katika jingine. Rekodi zitakuwa zimeongezeka mara 3 na jozi mara nyingi zaidi, lakini mafungu yote hukokotolewa kwa wakati mmoja.

MTAKWIMU: Hukokotolewa kwa wakati mmoja baada ya kufika, na kufika ndiko kunakosahaulika. Kati ya hatua ya kwanza na ya pili kila rekodi huvuka mtandao kwenda kwenye mashine inayomiliki ufunguo wake. Mfano uko hapa hapa bondeni: kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa, malori yaliyotoka Ifakara kwenda Mahenge yalipita katika kivuko. Hata yangeongezwa malori 50, yangeongeza foleni ukingoni bila kuongeza mzigo unaofika ng'ambo. Gene Amdahl aliliweka jambo hilo katika hesabu mwaka 1967: ikiwa sehemu ya 5 katika 100 ya kazi haigawanyiki, basi kazi nzima haiwezi kuharakishwa zaidi ya mara 20, hata vichakataji viwe maelfu, na kwa vichakataji 100 kasi haifiki hata mara 17. Tena mafungu hayalingani. Kuna majina yanayobebwa na mamia ya watu na mengine yanayobebwa na mmoja, na mashine iliyoangukiwa na fungu la jina lililoenea itakuwa bado inafanya kazi wakati zile 99 zimekaa bure zikiisubiri.

MHANDISI WA MIFUMO: Hesabu ya Amdahl ni sahihi kwa kazi isiyokua. John Gustafson alionyesha mwaka 1988, kwa mashine yenye vichakataji 1,024, kwamba watu wanaopewa uwezo mkubwa hawabaki na swali lile lile. Huuliza kubwa zaidi, na sehemu isiyogawanyika mara nyingi haikui sawa na swali. Kuhusu msongamano wa kuvuka mtandao na kuandika kila tokeo la kati kwenye diski, lawama hiyo ilikuwa na haki kwa mifumo ya mwanzo, na ndiyo iliyowafanya Matei Zaharia na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waunde Spark, mfumo unaoyaweka matokeo ya kati katika kumbukumbu ya muda na kukumbuka jinsi kila kipande kilivyopatikana, ili kikipotea kiundwe upya pasipo kuanza kazi yote. Daraja limejengwa pale palipokuwa na kivuko.

MJENZI WA MODELI: Mabishano haya yanakwenda kana kwamba kazi yote ya takwimu ni kulinganisha na kujumlisha, ilhali bonde hili limeingia katika historia ya ukokotoaji sambamba kwa mlango mwingine. Vipimo vilivyofanyika katika kijiji cha Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, na takwimu za vijiji vya Namawala na Idete ni miongoni mwa zile zilizotumiwa kuunda OpenMalaria, modeli ya kuiga maambukizi ya malaria iliyoongozwa na taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki, iliyokuwa Basel. Modeli hiyo humwiga kila mtu peke yake, na kwa kuwa bahati ina nafasi kubwa katika kuambukizwa, uigaji mmoja hauthibitishi lolote. Ni lazima urudiwe mara nyingi kwa viwango mbalimbali vya vyandarua, dawa au chanjo. Uigaji wa kwanza hauhitaji kujua wa pili umefikia wapi, kwa hiyo unaweza kufanywa popote, na ndivyo ulivyofanywa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hadi 2016, mradi wa malariacontrol.net, uliozaliwa ndani ya mpango wa Africa@home ulioshirikisha CERN, ulizigawa kazi hizo kwa kompyuta za majumbani za watu waliojitolea duniani kote, kwa kutumia BOINC, programu ya David Anderson wa Berkeley ambaye kabla yake alikuwa ameongoza SETI@home. Hakukuwa na ukumbi wa seva wala mtandao wa kasi, na kwa kuwa kompyuta ya mtu asiyejulikana haiaminiki, kazi moja ilipelekwa kwa zaidi ya mtu mmoja na majibu yakalinganishwa. Huo nao ni mfumo, na swali la malaria lilinufaika nao.

MSIMAMIZI WA TAKWIMU: Ulifaa kwa sababu kilichosafiri kwenda kwenye kompyuta hizo kilikuwa namba za modeli, si majina ya watu wa Namawala. Rekodi ya kaya ina jina la mama, ugonjwa wa mtoto na mahali nyumba ilipo, na aliyezitoa taarifa hizo alimwambia mdodosaji aliyebisha hodi mlangoni pake, hakuuambia ulimwengu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelipa jambo hilo nguvu ya sheria, ikiwa ni pamoja na kuweka masharti juu ya usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, lakini wajibu ulikuwepo kabla ya sheria. Kwa hiyo kila mfumo unaotajwa hapa uulizwe kwanza ni nini kitakachosafiri, ndipo uulizwe kasi.

MTAKWIMU: Na Ndugu Mjenzi wa modeli aulizwe jambo jingine. Ikiwa kila uigaji unajitegemea, basi hakuna tatizo la usambamba la kujadiliwa. Tatizo liko ndani ya uigaji mmoja, ambamo mtu aliyeambukizwa humwambukiza mbu na mbu humwambukiza jirani. Humo nani anaweza kutengwa na nani?

MJENZI WA MODELI: Wanaweza kutengwa kwa muda mfupi. OpenMalaria iliundwa kwenda kwa hatua za siku 5. Ndani ya hatua moja kila mtu anaweza kukokotolewa peke yake: kinga yake, idadi ya vimelea vyake, kama ana homa. Mwisho wa hatua yote hukutanishwa, hupatikana kiwango ambacho watu wote kwa pamoja wanawaambukiza mbu, na kiwango hicho huingia katika hatua zinazofuata. Leslie Valiant aliupa mtindo wa namna hiyo umbo la jumla mwaka 1990: kila mmoja afanye lake, wapelekeane ujumbe, wangojeane, kisha waanze tena. Uzuri wake ni kwamba gharama inaweza kukadiriwa kabla ya programu kuandikwa, kwa kuwa kila hatua ni muda wa aliye polepole zaidi, ukiongezewa muda wa ujumbe na wa kungojeana.

MTAKWIMU: Mwaka una hatua 73 za siku 5, na miaka 20 ina hatua 1,460, na katika kila moja wote humngoja aliye polepole zaidi.

MJENZI WA MODELI: Ndiyo, na ndiyo maana katika kazi hii ni afadhali uigaji mzima ubaki ndani ya mashine moja na usambamba utafutwe katika marudio. Kungojeana kusikoepukika kuko katika kukokotoa mafuriko. Eneo oevu la Kilombero, lililoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, lina takriban kilomita za mraba 7,967. Likigawanywa katika viraba vya mita 10 kwa mita 10, ukubwa ambao ndio kipimo cha picha bora za setilaiti za Sentinel-2, hupatikana viraba karibu milioni 80. Kusema kiraba kipi kina maji katika picha ya leo ni kazi ya kila kiraba peke yake, na hata mfumo wa Mhandisi unatosha. Lakini kusema maji yatakuwa wapi kesho ni jambo jingine, kwa kuwa maji ya kiraba kimoja hutoka kwa jirani yake. Hapo bonde hugawanywa kuwa mapande, kila mashine ikapewa lake, na baada ya kila hatua mashine zinazopakana hupeana hali ya mipaka yao tu. Huo ndio mfumo wa kupitishiana ujumbe, ambao kanuni zake zilisanifiwa mwaka 1994 kwa jina la MPI.

MHANDISI WA MIFUMO: Huo humwachia mwandishi wa programu kila kitu mkononi, na kwa kawaida mashine moja ikizimika kazi nzima husimama, isipokuwa awe amekumbuka kuhifadhi hali ya kazi kila baada ya muda. Mahali ambapo umeme hukatika, udhaifu huo si mdogo.

MTAKWIMU: Umeme ukikatika katika chumba chenye mashine 20, zote 20 huzimika kwa pamoja. Uvumilivu unaosifiwa wa Spark umekusudiwa kwa mashine moja moja zinazokufa miongoni mwa nyingi zilizo hai.

MHANDISI WA MIFUMO: Hoja hiyo inakubalika. Lakini Mtakwimu bado ana deni. Imekwisha kuonekana kwamba kila fungu humpoteza mtu fulani, na mtoto wa dunguni ndiye wa kwanza kupotea. Basi mafungu na yaachwe kabisa, kila rekodi ilinganishwe na kila rekodi, na orodha ziwe za watu milioni 1 kwa milioni 1, kama itakavyokuwa ufuatiliaji ukikua kupita vijiji vya sasa. Jozi zitakuwa trilioni 1, na kwa kasi ile ile ya jozi milioni 1 kwa sekunde, kiini kimoja kitahitaji siku 11 na nusu. Mashine moja imeshindwa, na ushahidi uliodaiwa mwanzoni umetolewa.

MTAKWIMU: Ushahidi umetolewa, na unapokewa: kiini kimoja hakitoshi. Lakini jozi hizo hazitegemeani hata kidogo, na kompyuta moja siku hizi inaweza kuwa na viini 64 vinavyosoma kumbukumbu moja ya pamoja, ambayo orodha zote mbili zinaingia ndani yake. Kwa viini hivyo trilioni 1 hukamilika kwa saa 4 na dakika 20 hivi, hakuna rekodi inayovuka mtandao, na sharti la Msimamizi limetimizwa, kwa kuwa majina hayatoki chumbani.

MHANDISI WA MIFUMO: Na umeme ukikatika katika saa ya nne?

MTAKWIMU: Kazi igawanywe katika vipande 1,000, kila kimoja kikiwa na jozi bilioni 1, na kila kinapokamilika tokeo lake liandikwe kwenye diski. Umeme ukirudi, vinarudiwa vipande 64 vilivyokuwa mikononi mwa viini, na kila kimoja huchukua kama dakika 17.

MHANDISI WA MIFUMO: Kugawa vipande, kukumbuka kilichokamilika, na kurudia kilichopotea: mambo hayo matatu ndiyo yaliyopingwa tangu mwanzo wa mjadala. Sasa yameandikwa upya kwa mkono, na atakayeyatunza mwandishi wake akihama hajatajwa.

MSIMAMIZI WA TAKWIMU: Kuna kipande ambacho pande zote mbili zimekiacha nje ya hesabu. Trilioni moja ya jozi ikikokotolewa, kwa mashine moja au kwa mia, zitabaki ambazo programu haiwezi kuziamua: Rehema mwenye umri wa miaka 4 wa kijijini, na Lehema mwenye umri wa miaka 5 aliyetibiwa karibu na shamba, jina la mama likiwa limefanana nusu. Nambari yoyote itakayowekwa kuwa mpaka wa kukubali au kukataa itawaunganisha watoto wawili waliokuwa wawili, au itamtenga mmoja aliyekuwa mmoja, na huenda mmoja wao amefariki. Jozi hizo hazina budi kurudishwa kwa mdodosaji, naye aende akamuulize mama. Mdodosaji wa kijiji hicho ni mmoja, pikipiki ni moja, na mama, kwa kuwa ni masika, yuko shambani ng'ambo ya maji.